Vijiti vinne kwenye mkoba

Kijiti chenyewe ni kama kile cha kusafishia masikio, ila kirefu kidogo. Maabara ilinipa vinne ndani ya bahasha, pamoja na barua ya kuonyesha nikiulizwa uwanja wa ndege. Nikavibeba kwenye mkoba kutoka Birmingham mpaka Dar, na kutoka Dar kwa treni ya SGR mpaka Dodoma, nimevikumbatia kama mtu aliyepakata trei ya mayai kwenye daladala. Na kweli, habari yenyewe ni ya mayai.

Kwa wasionijua: nina miaka 37, nafanya kazi ya keya, yaani kutunza watu wasiojiweza, nimeolewa na Msukuma wa Mwanza, huu ni mwaka wetu wa tisa Uingereza. Mtoto hatujajaliwa. Mirija yangu yote miwili imeziba, kwa hiyo njia iliyobaki ni mayai kutolewa, kurutubishwa maabara, kisha kurudishwa tumboni. Tulipoanza matibabu walitupima damu wote wawili. Mimi AS, yaani nimebeba jeni moja ya selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, ila mwenyewe siugui; jambo nililolishuku tangu utoto kwa sababu mdogo wangu anaugua selimundu. Mwenzangu naye AS, na hilo hakuwa na habari nalo hata chembe, ingawa kwao Kanda ya Ziwa ugonjwa huu si mgeni. Ndoa yetu tuliifunga Dodoma. Mchungaji alidai majibu ya ukimwi kabla hajatutangaza kanisani, la selimundu hakuligusa. Simlaumu. Mimi niliyekulia kwenye benchi la wodi ya watoto ndiye niliyepaswa kuuliza.

Hesabu yake inajulikana. Wazazi wote wawili wakiwa AS, kila mtoto ana nafasi moja kati ya nne ya kuwa SS, yaani mgonjwa, moja kati ya nne ya kuwa AA, asiye na jeni hiyo kabisa, na mbili kati ya nne ya kuwa AS kama wazazi wake. Hesabu hiyo haina kumbukumbu, kila mimba inaanza upya. Wazazi wangu walipata mmoja mwenye SS kati ya wanne, wakadhani ndiyo zamu imekwisha. Hakuna zamu.

Kule Uingereza sheria inaruhusu viinitete, yaani mayai yaliyokwisha kurutubishwa na kuanza kukua, kupimwa selimundu kabla ya kurudishwa. Kiinitete kinakuzwa siku tano au sita, zinachomolewa seli chache za tabaka la nje, lile litakalokuwa kondo la nyuma, kisha kinagandishwa kwenye nitrojeni kusubiri majibu. Vile vijiti vinaingia hapa: selimundu ni kosa la herufi moja tu kwenye jeni, na kuitafuta herufi moja ndani ya seli tano kunaweza kudanganya, maana DNA ni kidogo mno na nakala moja inaweza isionekane. Kwa hiyo wanaangalia pia kipande kizima kinachoizunguka ile herufi, kile kinachorithiwa pamoja nayo. Ili wakitambue, wanahitaji ndugu wa damu ambaye hali yake inajulikana. Kwa upande wa mume wangu, mama mkwe, ambaye shemeji alimleta kwa basi kutoka Mwanza, akapangusa shavu kwa ndani, akala, akalala, kesho yake akaondoka. Kwa upande wangu, mdogo wangu. Yeye kapokea ile jeni kwa Baba na kwa Mama, na mojawapo ndiyo hii niliyo nayo mimi.

Ilikuwa Julai. Mnaoijua Dodoma mnajua upepo wa Julai, na mwenye selimundu anaujua zaidi, kwa sababu baridi ni mojawapo ya vitu vinavyoamsha maumivu. Nilimkuta uani amekaa juani, sweta mbili, soksi, khanga kichwani, anamenya karanga na Mama. Maelekezo ya maabara yalisema asile chochote nusu saa kabla ya kupangusa shavu, na karanga ndiyo kwanza alikuwa anazitafuna.

"Basi nusu saa," akasema, akasukutua mdomo. "Niulize unachotaka kuuliza, dada."

Nilitaka kuuliza kama hili linamuumiza. Nikauliza anaendeleaje na haidroksiuria, dawa yake ya selimundu. Akacheka. Akanisimulia mara ya mwisho alipolazwa, Machi, jinsi nesi mgeni alivyodhani anajifanyisha ili apewe dawa kali, na jinsi alivyomhesabia mapigo ya maumivu kwenye nyonga kama mtu anayemfundisha mtoto saa. Akaniambia habari za watoto wenye selimundu wanaopandikizwa uloto, ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, pale Hospitali ya Benjamin Mkapa, kazi waliyoianza 2023, kwamba jirani yetu kampeleka mwanawe kuonwa. Yeye mwenyewe ana miaka 29. Hilo hakulizungumzia.

Mama alikuwa kimya muda wote. Nusu saa ilipokaribia akasema, bila kuinua macho kwenye ungo, "Kwa hiyo mnamtumia huyu ili msimpate mwingine kama huyu."

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Mdogo wangu akafungua mdomo, akanyoosha mkono. "Lete kijiti, jua linaondoka."

Shangazi alipopata habari, kwake lilikuwa jepesi: maadamu mnachagua, chagueni wa kiume. Nikamweleza kwamba Uingereza kuchagua jinsia bila sababu ya kitabibu ni marufuku. Akashangaa sana, nchi tajiri vile ikose kitu kidogo kama hicho.

Niliporudi, hospitali ikatuwekea jambo la pili mezani, hili kwa hela yetu: kuhesabu kromosomu, vile vifurushi vinavyobeba jeni, za kila kiinitete, kwa sababu ya umri wangu. Karatasi yao ilikuwa nzuri, ina picha ya mtoto. Ni kweli umri ukipanda mayai yenye kromosomu pungufu au za ziada huongezeka. Lakini mamlaka ya uzazi ya Uingereza yenyewe inasema kwa wagonjwa walio wengi kipimo hicho hakijathibitika kuongeza nafasi ya kupata mtoto. Mshauri wetu, mama mmoja mpole, alinielewesha tofauti. Selimundu imo kwenye yai au mbegu tangu mwanzo, kwa hiyo kila seli inasema jambo lilelile. Hesabu ya kromosomu inaweza kuharibika baadaye, seli zikiwa zinagawanyika, kwa hiyo seli tano za nje huenda zisiwe sawa na za ndani. Nikawaza gunia la uwele: ukichota konzi moja juu, unaweza kujua ni uwele na si mtama, lakini huwezi kuapa kwamba chini hakuna wadudu. La selimundu nilikuwa na swali. Hili la pili nilikuwa nauziwa utulivu. Tukakataa.

Ugomvi wa kweli ulikuja na fomu. Iliuliza kama tutakubali kurudishiwa kiinitete chenye AS. Mume wangu alitaka AA tu. "Mwanangu asije akakaa kwenye viti hivi vya kliniki," alisema, na machozi yakamlenga, mtu ambaye sijawahi kumwona akilia. Namwelewa. Lakini AS ni mimi. AS ni yeye. AS ni bibi yangu mzaa mama, aliyekulia Muheza kwenye malaria kali, na madaktari wanatuambia wenye AS hukingwa dhidi ya malaria ile inayoua, ndiyo maana jeni hii imedumu kwetu. Birmingham haina mbu wa hivyo, sawa. Hata hivyo sikuweza kuweka alama kwenye kisanduku kinachosema mtu kama mimi asirudishwe. Tulikaa siku nne tunapishana jikoni. Siku ya tano akaja na kalamu, akasema AA ikiwepo itangulie, AS zifuate. Nikatia sahihi.

Viinitete sita vilifika siku ya kupimwa. Majibu: AA mmoja, AS watatu, SS wawili. Cha AA kitarudishwa mwezi ujao, na nikishika mimba watanishauri kupima tena tumboni, maana hakuna kipimo cha asilimia mia.

Mdogo wangu alinipigia WhatsApp jioni ileile. "Mate yangu yamefaulu?"

Nikamwambia yamefaulu.

"Wangapi kama mimi?"

"Wawili."

Akanyamaza kidogo. Upepo nikawa nausikia kwenye simu. "Haya," akasema. "Umekula?"

Kuna fomu nyingine, ya hao wawili, inauliza waharibiwe au waachiwe watafiti. Ipo kwenye droo ya jikoni, chini ya vijiko. Mwisho wa kuirudisha ni tarehe 30.