Siku Moja Maishani Mwangu: Mama Funguo wa Kampasi

Saa 11:30 alfajiri

Barua yangu ya ajira inasema mimi ni mratibu wa huduma za pamoja za wanafunzi. Wanafunzi wananiita Mama Funguo. Bwalo la chakula, ukumbi wa michezo, vyumba vya vikundi, chumba cha kufulia na sehemu ya maktaba inayobaki wazi usiku, vyote viko chini yangu. Sifundishi wala sisahihishi mitihani, lakini mtu akikosa kiti, ukumbi au maji ya moto, simu inayoita ni yangu.

Naanzia jikoni. Mpishi mkuu amefika kabla yangu, kama kawaida.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Friji la pili linasumbua."

Kipimajoto kinasoma nyuzi 8. Ukutani amebandika mambo matano ya usalama wa chakula, mwongozo ambao Shirika la Afya Duniani lilianza kuusambaza mwaka 2001: chakula kipikwe hadi kifike nyuzi 70 ndani kabisa, kinachosubiri kupakuliwa kisishuke chini ya 60, kinachohifadhiwa kwenye baridi kisizidi 5, na kilichokwisha pikwa kisikae nje zaidi ya muda wa saa mbili. Kati ya 5 na 60 ndipo bakteria huzaliana kwa raha zao. Hatujui friji lilianza kupanda lini usiku, kwa hiyo vyote vilivyopikwa jana vimetupwa. Mzee hana mjadala kwenye hilo, na ndiyo maana nalala usingizi.

Watu hudhani hatari ya jiko kubwa iko kwenye kupika. Mimi naiona zaidi kwenye kusubiri. Mwanafunzi anayekuja saa 9 mchana akila kilichoiva saa 5 asubuhi, sahani yake imepitia safari ndefu. Kwa hiyo mzee hupika kwa mikupuo: sufuria ya kwanza ikikaribia nusu, ya pili ndiyo kwanza inaepuliwa. Inawachosha wapishi, lakini chakula hakizeeki mezani.

Saa 1:00 asubuhi

Kifungua kinywa. Bwalo lina watu robo tu: wanamichezo, wenye maabara ya mapema, na wa mwaka wa kwanza ambao bado wanaamini wataamka hivi hadi wahitimu. Viti vitupu ni tele. Kumbukeni hilo hadi mchana.

Saa 2:30 asubuhi

Kuna malalamiko yamefika kwa maandishi: mashine za kufulia hazitoshi, chuo kinunue nyingine. Nashuka kuangalia. Kweli, kila mashine ina nguo. Ila zinazozunguka ni mbili tu. Nyingine zimekwisha kazi zamani, nguo zimelala ndani zimejikunja, na wenyewe wako kwenye mihadhara.

Kanuni ipo ubaoni: mashine ikisimama, subiri dakika 15, kisha toa nguo za mwenzio uziweke kwenye kapu. Watu wanaiogopa. Suala la nani aguse nguo za ndani za nani limewahi kula kikao kizima cha kamati ya mabweni, na waliochangia kwa sauti kubwa kuliko wote ndio wale wale wanaoacha nguo hadi jioni. Leo nimeongeza makapu yenye mfuniko na kuandika kwa herufi kubwa kwamba kuhamisha si ukorofi. Ombi la kununua mashine nimeliweka kando kwanza.

Saa 4:00 asubuhi

Kikao cha ratiba na wenzetu wa taaluma. Nakuja na ombi lile lile: mihadhara ya asubuhi isiishe yote saa 7 kamili.

Mhadhiri mmoja anauliza, kwa upole kabisa, kama kweli ratiba ya masomo ipangwe kwa kufuata matumbo. Namjibu kwamba Sorbonne, chuo cha Paris, jina ambalo wasomi hulitamka kwa heshima, ilianza mwaka 1257 kama nyumba aliyoianzisha Robert de Sorbon kwa ajili ya wanafunzi maskini wa teolojia. Hata huko, mwanafunzi alihitaji pa kulala na pa kula ndipo asome. Anacheka. Kicheko hakibadilishi ratiba, kwa hiyo natoa karatasi ya hesabu.

Mwaka 1961 John Little alithibitisha kanuni ambayo wapanga foleni wanaitumia hadi leo: idadi ya watu walio mahali ni sawa na kasi ya kuingia kwao mara muda anaokaa kila mmoja. Tuseme bwalo lina viti 400, na kila mtu anakikalia kiti dakika 25. Gawanya, unapata watu 16 kwa dakika, yaani 960 kwa saa. Wakitoka 1,500 kwa pamoja saa 7 na wanatakiwa darasani saa 8, basi 540 hawatakaa hata ujaze wapishi hadi mlangoni. Nusu yao wakitoka saa 6, viti vile vile vinapata muda wa saa mbili na uwezo wa kulisha 1,920. Hakuna tofali lililoongezwa.

Wamekubali kujaribu kwa kitivo kimoja. Nilitaka vitatu.

Saa 7:00 mchana

Hii ndiyo saa yangu. Nasimama karibu na mlango, mikono nyuma, naangalia.

Ukitaka kujua foleni inakwama wapi, usiangalie mkia, angalia mahali panapofunguka nafasi mbele ya mtu mmoja. Leo pengo liko baada ya meza ya kwanza ya kupakulia. Wanafika pale ndipo wanaanza kusoma orodha ya vyakula, wanaulizana, wanabadili mawazo, wanamrudisha mpakuaji nyuma. Nachukua ubao wa orodha, nausogeza hadi mkiani, ambako mtu ana dakika kumi za kusoma na hana kingine cha kufanya. Baada ya muda mfupi pengo limeziba. Mpakuaji ananikonyeza.

Tatizo la pili ni sugu: mabegi. Wanaingia, wanatupa begi kwenye kiti, ndipo wanakwenda kupanga foleni. Kiti kimeshikwa na hakuna anayekula. Namkuta kijana mmoja ameshika meza nzima kwa madaftari.

"Kaka, wenzio wako wapi?"

"Wako kwenye foleni, mama. Wamenituma niwahi nafasi."

"Na wale wamesimama na sahani zao zinapoa?"

"Hata wao wangewahi, mama."

Hoja yake si ya kijinga. Ukiwa peke yako, kuwahi kiti ni akili. Wakifanya wote, kila mmoja anapoteza. Namfanyia hesabu papo hapo: foleni ikiwa ya dakika 15, kiti kilichowahiwa kinashikwa dakika 40 badala ya 25. Viti 400 sasa vinahudumia watu 10 kwa dakika, 600 kwa saa. Yaani mabegi yamekula nafasi za watu 360. Anayasogeza madaftari, ingawa kwa uso wa mtu anayefanyiwa ubaya. Anasoma uhandisi wa mawasiliano, kwa hiyo namuongezea kwamba hesabu za foleni zilianzia kwao: Agner Krarup Erlang, aliyekuwa akifanya kazi kwenye kampuni ya simu mjini Copenhagen, alichapisha mwaka 1909 kazi yake kuhusu jinsi simu zinavyoingia kwa kubahatisha, ili waweze kujua ni laini ngapi zinatosha. Kipimo cha msongamano wa simu kinaitwa erlang hadi leo. "Kumbe ndiye huyo!" anasema, na hapo ndipo uso unalegea.

Mimi mwenyewe nakula saa 8:30, bwalo likiwa jeupe.

Saa 10:00 alasiri

Ukumbi wa michezo. Ukiingia mara ya kwanza utadhani mtoto amechezea rangi sakafuni, kwa kuwa mistari ya michezo mitatu imepandana: kikapu mita 28 kwa 15, wavu 18 kwa 9, na vinyoya (badminton) mita 13.4 kwa 6.1. Timu ya wavu ya wanawake inatangulia leo, kwa hiyo wavu uko mita 2.24. Wanaume wakiingia tutaupandisha hadi 2.43, na kuna siku wanacheza nusu saa kabla hawajagundua haujapandishwa. Siku hiyo kila mmoja anaruka kama bingwa.

Ugomvi wa leo ni kati ya kikapu na kikundi cha ngoma. Kikapu wanasema ukumbi ni wa michezo. Nawakumbusha kwamba mchezo wao ulizaliwa mwaka 1891 pale Springfield, Massachusetts, kwa sababu James Naismith alitakiwa kuwapatia wanafunzi wake kitu cha kufanya ndani wakati wa baridi kali. Alitumia ukumbi uliokuwepo, akapigilia vikapu vya matunda kwenye ukingo wa roshani, na urefu wa roshani ile, mita 3.05, ndio urefu wa goli hadi sasa. Mchezo wenyewe ni zao la kuminyana ukumbini. Nahodha anasema sawa, lakini ngoma wanaacha unga wa vumbi sakafuni na mtu atateleza. Hapo ana haki. Nimewapa ngoma nusu ya ukumbi mwisho wa zamu badala ya mwanzo, na ufagio mpana wanaukabidhiwa pamoja na funguo.

Vyumba vya vikundi vimepita salama. Klabu ya mjadala walikuwa na watu wanne kwenye chumba cha arobaini, wakijadiliana kwa sauti ya arobaini.

Saa 1:00 usiku

Maktaba. Majira ya mitihani yanakaribia na watu wameanza kupiga msuli kweli kweli. Mchezo ni ule ule wa mchana, ila begi limekuwa kitabu kilichofunguliwa na kalamu juu yake, kana kwamba mwenyewe kanyanyuka sasa hivi. Msaidizi wangu anapita na vikaratasi vyenye saa. Akirudi baada ya dakika 30 akakuta kitabu kimelala peke yake, anakihamishia kaunta. Wengi wanakubali utaratibu huu kwa sababu unamgusa kila mtu, hata kiongozi wa serikali ya wanafunzi, ambaye wiki hii ameufuata mkoba wake kaunta akiwa ameinamisha kichwa.

Saa 3:00 usiku

Simu za intaneti zinaanza. "Mama, intaneti imekufa bweni la tatu." Haijafa. Kila aliyekuwa uwanjani, maktaba na bwaloni sasa yuko kitandani na simu mkononi, na hewa ya Wi-Fi ni moja, vifaa vinapokezana kusema. Kifaa kilicho mbali kinachopata ishara hafifu hutumia muda mrefu kutuma kitu kile kile, na vingine vyote vinakisubiri. Halafu kuna wanaoleta ruta zao wenyewe, vile visanduku vya kurusha Wi-Fi. Kwenye masafa ya 2.4 GHz chaneli, yaani njia za mawimbi, ambazo haziingiliani ni tatu tu, 1, 6 na 11, kwa hiyo kila ruta ya siri inayowashwa chumbani inawapigia kelele majirani. Fundi wa mtandao amezipata mbili usiku huu. Wenyewe walikuwa wa kwanza kulalamika.

Kabla sijafunga ofisi umeingia ujumbe wa klabu ya maigizo. Wanataka ukumbi kesho saa 11 jioni, saa ile ile ambayo kila kikundi kinaitaka. Nimewaandikia kwamba saa 2 usiku uko wazi, na saa 1 asubuhi uko wazi wote, wavu umeshushwa, sakafu imefagiliwa.

Jibu limekuja haraka: "Saa 2 usiku, mama. Hiyo ya asubuhi ulikuwa unatania?"

Nimeandika jina lao kwenye ratiba.