Na Yeye amesema nini?

Siku ya nne leo na swali la bibi wa karanga halijanitoka. Jumamosi alfajiri jumuiya ilisali kwetu, sala ya mwisho nikapewa mimi. Mnanijua nikishapewa sala. Nilisema amina na mkono wa pili tayari uko kwenye chupa ya chai. Bibi akanishika kiganja.

"Mwanangu, umeomba vizuri."

"Asante, bibi."

"Na Yeye amesema nini?"

Nikacheka. Bibi hakucheka, akachukua andazi.

Tangu hapo mdogo wangu amejifungua salama, Baba Neema kaletewa barua ya uhamisho, na mimi bado niko pale pale na chupa ya chai mkononi. Angeuliza kwa kejeli ningepona. Aliuliza kama mtu anayeuliza bei ya nyanya.

Kinachouma ni kwamba somo hilo la kumsikiliza Mungu ndilo ninalowafundisha watoto wa kipaimara! Mtoto Samweli anaitwa na Mungu mara tatu na mara zote anakimbilia kwa kuhani Eli, maana sauti ile haikuja na radi. Aliidhania ya mzee aliyemlea. Eli naye hakumtabiria chochote. Alimwambia akalale, na akiitwa tena aseme, "Nena, Bwana, kwa kuwa mtumishi wako anasikia." Mtoto alipojibu alisema "Nena" na kuliacha hilo "Bwana" (1 Samweli 3:10). Napenda sana alivyoliruka. Nadhani bado alikuwa hajawa na hakika ni nani. Na alichoambiwa kilikuwa kibaya kwa Eli mwenyewe, hata akaogopa kukisema asubuhi.

Kwa hiyo, kwa faida yangu kwanza, hivi ndivyo tujifunze kusikiliza. Chukua mistari minane hadi kumi na miwili ya Biblia, si sura nzima. Isome kwa sauti mara tatu: ya kwanza kama msomaji wa kanisani, ya pili nusu ya mwendo huo, ya tatu usimame neno linapokukwama. Likikwama usilihubirie, liache. Kisha dakika 10 za kunyamaza. Simu ikae chumba kingine. Kuilaza kifudifudi mezani ni kujidanganya. Dakika tatu au nne za mwanzo utasikia ada, mkaa na yule aliyekununia sokoni. Usipigane navyo. Viandike kwenye kipande cha karatasi, "mkaa, ada", urudi kwenye neno lako. Kaa kwenye kigoda kisicho na egemeo, kwa sababu kitandani ni usingizi tu. Ila kama umekesha hospitalini, lala kwanza. Kabla ya ile "sauti ndogo, ya utulivu" kule mlima Horebu, nabii Eliya alilala na kulishwa mara mbili, mkate uliookwa juu ya makaa. Na alipofika pangoni aliulizwa swali, akaulizwa tena lile lile: "Unafanya nini hapa, Eliya?" Wengi tunangoja maagizo, kumbe tunaulizwa.

Hapa ndipo aibu inanigeukia kuwa hasira, maana kuna wenzetu hawana shida ya kusikia hata kidogo. "Mungu ameniambia nikuambie." Ukilisema hilo umefunga mjadala, nani abishane na Mungu? Paulo hakuruhusu njia hiyo ya mkato: manabii wanene wawili au watatu, "na wengine wapambanue" (1 Wakorintho 14:29). Kwa hiyo andika ulichosikia pamoja na tarehe, kaa nacho siku saba, kisha wapelekee watu wawili wanaokujua vizuri na wasio na faida yoyote katika jambo hilo. Kikipingana na Maandiko, siku saba za nini? Kitupe leo. Kikiwa ni kwenda kuomba radhi, hakihitaji uthibitisho, vaa viatu uende.

Baba Neema anataka "tuweke ngozi ya Gideoni", yaani tumwombe Mungu ishara, juu ya uhamisho: mvua ikinyesha Ijumaa, twende. Nikamwonyesha Waamuzi 6:36. Gideoni anasema "kama ulivyosema", yaani neno alikuwa nalo tayari, ngozi ikafuata. Sisi tunaanza na ngozi.

Afadhali kipimo cha Ignasi wa Loyola, mtakatifu wa Wakatoliki (msinishtaki kwa mchungaji, najua sisi ni Walutheri). Mwaka 1521 risasi ya mzinga wa vita ilimvunja mguu huko Pamplona, Hispania, na akiwa kitandani akagundua kuwa ndoto za ushujaa na sifa zilimpendeza zikiwapo, zikiondoka zinamwacha mkavu. Mawazo ya kumfuata Kristo yalimwacha na furaha hata baada ya kupita. Basi angalia ladha inayobaki mdomoni. Na onyo lake lingine nimelibandika kwenye kabati la vyombo: ukiwa umevunjika moyo, usibadilishe uamuzi ulioufanya ulipokuwa na amani.

Jana usiku nilikaa zile dakika 10. Tisa zilikuwa za barua ya uhamisho. Ya kumi nilisikia kuku.

Na ndiyo shida yenyewe, yule mwekundu hajataga tangu Jumapili. Ama ananificha kiota nyuma ya matofali, ama kicheche karudi. Asubuhi nimekuta manyoya mawili karibu na bomba.