Kukodi au kununua malori wakati kampuni inayumba

Wamiliki wa kampuni za usafirishaji wanaoniletea vitabu vyao vya hesabu hapa Dar es Salaam huwa na swali moja wanapoanza kuzidiwa na madeni: waongeze malori kwa mkopo wa benki au wakodi? Kwa kawaida hulinganisha rejesho la mwezi la benki na malipo ya mwezi ya kukodi, kisha wakaegemea upande wenye tarakimu ndogo. Kampuni iliyo imara inaweza kumudu ulinganisho wa aina hiyo, kwa kuwa hata ikikosea itaendelea kulipa. Kampuni inayoyumba ina jambo la kuuliza kabla ya hilo, nalo ni nani atabeba hasara ya mwezi ambao lori halikutembea.

Njia ninayoizungumzia ni ile ya kwenda Zambia na Kongo, kwa sababu ndiyo wateja wangu wengi wanaitegemea. Lori likitoka bandarini hupita Morogoro na Mikumi, hupanda Kitonga, hufuata Iringa, Makambako na Mbeya mpaka Tunduma, mwendo wa zaidi ya kilomita 900, huku likisimama kwenye mizani ya Vigwaza, Mikese, Wenda na mingineyo. Baada ya Nakonde, upande wa Zambia, kuna Mpika, Serenje, Kapiri Mposhi na miji ya shaba, kisha Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo, ambako ndiko siku huliwa bila huruma. Mwezi wa Agosti 2024 Zambia ilifunga mpaka wake na Kongo kwa siku chache kutokana na mvutano wa kibiashara, na malori yakajazana pande zote mbili. Sikusikia benki iliyosogeza tarehe ya rejesho kwa sababu hiyo, na sidhani kama ilipaswa kufanya hivyo.

Zamani baadhi ya wasafirishaji walifidia siku zilizopotea kwa kuzidisha uzito. Tangu Machi 2019, Tanzania ilipoanza kutekeleza sheria ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, yenye ukomo wa tani 56 kwa gari zima na mzigo wake, mwanya huo umebanwa sana. Mapato ya safari moja yana dari, na nauli hupangwa na soko ambalo msafirishaji mdogo hana sauti ndani yake. Kinachobaki mikononi mwake ni idadi ya safari kwa mwaka, na hapo ndipo hesabu yoyote ya kukodi au kununua inapaswa kuanzia.

Tuchukue mfano wenye tarakimu za kubuni, ambazo msomaji anaweza kuzibadilisha kwa zake. Kichwa kimoja na tela lake vinauzwa shilingi milioni 240. Mnunuzi anatoa kianzio cha asilimia 30, yaani milioni 72, na benki inamkopesha milioni 168 kwa miezi 36 kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka, inayokokotolewa kwenye salio linalopungua. Rejesho la kila mwezi ni takriban milioni 6.07. Tuseme safari moja ya kwenda na kurudi, ikishatoa dizeli, posho ya dereva, tozo za barabara na gharama za mipakani, inabakiza milioni 5; na bima, matairi na spea hula wastani wa milioni 2.5 kwa mwezi hata kama gari limelala yadi kwa wiki mbili. Kwa mwaka mzima lori hilo linahitaji karibu milioni 103 ili lisimame kwa miguu yake, ambazo ni safari 21. Likifanya safari 24, mmiliki analala usingizi. Likifanya 18, pengo ni karibu milioni 13 kwa lori moja, na mwenye malori kumi ana shimo la milioni 130 ambalo halitokani na uzembe wa mtu yeyote ofisini.

Sasa tuweke ukodishaji pembeni yake. Lori lilelile linakodishwa kwa milioni 7.5 kwa mwezi, gharama za matengenezo zikibaki kwa aliyekodi, hakuna kianzio, na mkataba unaruhusu kulirudisha baada ya mwaka mmoja kwa faini ya malipo ya miezi mitatu. Kampuni ikifika mwisho wa miezi 36, aliyekodi atakuwa ametoa milioni 270 na hana kitu, ilhali aliyenunua ametoa karibu milioni 291 na ana lori ambalo tukilikadiria kwa milioni 100, gharama yake halisi ni milioni 191. Kukodi kumezidi kwa karibu milioni 80, na anayesema kununua ni nafuu hajakosea. Lakini kampuni ikishindwa mwisho wa mwaka wa kwanza, hesabu inageuka. Aliyekodi amelipa milioni 90, anaongeza faini ya milioni 22.5 na kuondoka. Aliyenunua ametoa kianzio na marejesho yanayokaribia milioni 145, bado anadaiwa takriban milioni 122, na lori likiuzwa kwa haraka kwa milioni 120, hata deni halimaliziki. Tofauti kati yao ni karibu milioni 34, safari hii kwa faida ya aliyekodi.

Kwa hiyo zile milioni 80 ni bei ya haki ya kurudisha funguo. Msafirishaji mwenye mkataba wa uhakika wa kubeba shaba au mafuta kwa miaka mitatu hana sababu ya kuinunua haki hiyo. Msafirishaji anayeishi kwa mizigo ya kuokoteza, anayesubiri salio la nauli siku 60 au 90 baada ya hati za kupokelewa mzigo kurudi, anaihitaji kuliko anavyodhani.

Tatizo ni kwamba sehemu kubwa ya kile kinachouzwa kwetu kwa jina la kukodi hakina haki hiyo hata kidogo. Tanzania ina sheria ya mwaka 2008 inayosimamia biashara ya karadha, na kampuni za karadha zinafanya kazi halali na yenye manufaa: hununua mali, humpa mteja aitumie, naye hulipa kidogo kidogo mpaka thamani yote irudi pamoja na faida, ndipo mali inapohamia kwake. Mkataba wa namna hiyo humsaidia asiye na kiwanja wala nyumba ya kuweka dhamana, kwa kuwa lori lenyewe ndilo dhamana. Hata hivyo, kwa upande wa hatari hauna tofauti kubwa na mkopo. Kuna kianzio, kuna bima kubwa ya lazima, matengenezo yote ni juu ya mteja, na ukilirudisha lori kabla ya muda bado unadaiwa malipo yaliyosalia. Nimesoma mikataba ambayo kwenye ukurasa wa kwanza inaitwa ya kukodi na kufikia ukurasa wa tisa imekuwa mkopo wenye masharti makali kuliko ya benki. Mwenye kampuni inayoyumba anapaswa kuanza kusoma kutoka nyuma, pale palipoandikwa nini kinatokea asipolipa miezi miwili mfululizo, lori litachukuliwa na nani, tela lake likiwa na mzigo wa mteja au la, na kama kifungu cha mipaka kinaruhusu gari kuingia Kongo. Kadi ya njano ya COMESA, yaani bima ya magari yanayovuka mipaka, hulinda dhidi ya madai ya watu wengine barabarani. Haimlazimishi mwenye lori kukubali lori lake livuke Kasumbalesa.

Kuna njia ya tatu ambayo huletwa mezani wakati hali imekuwa mbaya kweli, na ndiyo inayoniogopesha zaidi: kampuni inauza malori yake yenyewe kwa mfadhili, kisha inayakodi palepale na kuendelea kuyaendesha. Madereva hawabadiliki, rangi ya vichwa haibadiliki, na wateja hawajui lolote. Siku ya kusaini fedha huingia benki, mishahara iliyochelewa hulipwa, muuza dizeli hurudisha imani, na kila mtu huona mzee amepata upenyo. Mteja wangu mmoja alifikia hatua hiyo akiwa na malori aliyokwisha kuyalipia yote, mengine vichwa vya Scania vilivyotumika Ulaya ambavyo thamani yake vitabuni ilikuwa imekaribia sifuri lakini barabarani bado vilikuwa vinafanya kazi. Mfadhili alitoa bei ya chini kuliko ya soko, akapanga malipo ya kila mwezi kwa kila gari, na akataka malipo ya miezi kadhaa yashikiliwe kama amana.

Nilipoyapanga yale malipo kama mkopo, yaani fedha alizopokea siku ya kwanza zikilinganishwa na atakazotoa, riba iliyofichika ilikuwa kubwa kuliko ya benki yoyote ninayoifahamu. Hilo peke yake lisingetosha kunifanya nimzuie, maana benki zilikuwa zimekwisha kumfungia mlango, na fedha ghali huwa na nafasi yake pale ambapo hakuna nyingine. Kilichonifanya nimzuie ni kwamba kabla ya kusaini, mwezi mbaya ulimgharimu bima, mishahara na spea tu. Baada ya kusaini, mwezi uleule mbaya ungemgharimu hayo yote pamoja na malipo ya malori ambayo jana yalikuwa yake. Lori kuukuu lisilo na deni ndilo kinga kubwa aliyokuwa nayo, kwa sababu lilikuwa na uwezo wa kusimama yadi bila kumfilisi, na alikuwa karibu kuiuza kinga hiyo ili alipe madeni ya miezi minne.

Wapo watakaosema kwamba malori ni mali, na mali huokoa. Mali huokoa ikiwa na mnunuzi. Kampuni ya Yellow ya Marekani, iliyoanza mwaka 1924, ilikopeshwa dola milioni 700 na serikali mwaka 2020, sehemu kubwa ya fedha hizo ikiwa ni ya kununulia vichwa na matela, na Agosti 2023 iliomba kinga ya mufilisi huku wafanyakazi wapatao 30,000 wakipoteza kazi. Deni la serikali lilirudi, ila kilicholeta fedha nyingi mnadani ni ardhi: vituo 130 vya kupokelea mizigo viliuzwa kwa karibu dola bilioni 1.9. Malori hushuka thamani hasa wakati nauli zimeshuka, kwa sababu kila msafirishaji anayeumia anauza mwezi uleule. Ndiyo maana kwenye mfano wangu wa juu sikuthubutu kuweka bei nzuri ya kuuza kwa haraka.

Kuhusu kodi ya mapato nitasema kwa ufupi, kwa kuwa hupewa uzito usiostahili. Sheria yetu ya kodi ya mapato humpa mwenye lori zito nafuu ya uchakavu ya asilimia 25 kwa mwaka kwenye thamani inayopungua, na wauzaji hupenda kuitaja. Nafuu hiyo hupunguza kodi ya mwenye faida. Asiye na faida huibeba tu mbele akisubiri mwaka mzuri. Vilevile, kwa kampuni zinazofuata viwango vya kimataifa, ile raha ya kukodi bila deni kuonekana vitabuni ilikwisha Januari 2019 kiwango cha uhasibu wa ukodishaji, IFRS 16, kilipoanza kutumika, na mkataba wa zaidi ya miezi 12 huingia kwenye mizania kama deni. Jambo linalostahili kufikiriwa zaidi ni sarafu. Nauli za nje hulipwa kwa dola, na aliyekuwa na marejesho ya shilingi mwaka 2024 aliona dola yake ikishuka kutoka zaidi ya shilingi 2,700 mnamo Septemba mpaka karibu 2,400 mwaka ulipoisha, ilhali rejesho lake lilibaki palepale.

Nilichomshauri mteja wangu yule wa malori yasiyo na deni hakikumfurahisha. Nilimwambia auze vichwa vitatu vilivyokuwa vinakula gereji kuliko vinavyoingiza, auze kwa utulivu kabla hajalazimishwa, na fedha zitangulie kwa muuza dizeli. Matela yote abaki nayo, kwa sababu tela halina injini, halihitaji dereva, na ndilo linaloweza kusubiri kupakiwa bandarini wakati kichwa kinafanya kazi nyingine. Pale mzigo unapozidi uwezo wake, akodi vichwa kwa safari kutoka kwa wenye lori moja au mawili, awalipe sehemu wakati wa kupakia na salio mzigo ukifika. Faida ya safari ya namna hiyo ni ndogo sana, na usumbufu wa kumfuatilia dereva asiye wako ni mkubwa, lakini lori likikwama Kasumbalesa wiki mbili, sehemu kubwa ya hasara ya kusubiri inabaki kwa mwenye lori, naye ameiweka kwenye bei yake.

Alikubali mawili ya kwanza. La kukodi kwa safari alilikataa, akisema mteja wake mkubwa anataka kuona magari yenye jina la kampuni, hoja ambayo sikuwa na jibu lake. Tukakubaliana akodi vichwa viwili kwa mkataba wenye kifungu cha kurudisha, kwa bei ambayo kila mwisho wa mwezi humfanya agune. Sharti nililolishikilia ni kwamba mkataba usizidi miezi 24, kwa kuwa reli ya Lobito ya Angola inavuta shaba ya Kongo kuelekea Atlantiki, mipango ya kuifufua TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, inaendelea, na nauli za malori za miaka mitatu ijayo si kitu ambacho ningependa mteja wangu aziwekee saini leo.