Kodi ya jengo ndani ya luku: tulivyomalizana na mama mwenye nyumba

Nyumba tunayopanga Mabibo, Dar es Salaam, ina vyumba vitano, wapangaji watano na mita moja ya luku, yaani ya umeme wa kulipia kabla. Umeme tunanunua kwa zamu. Kila chumba kinachanga elfu mbili, mwenye zamu anakusanya elfu kumi, ananunua, anaingiza namba kwenye mita, halafu anatangaza uani zimeingia uniti ngapi. Elfu kumi inaleta uniti 28, na namba hiyo kila mtu pale anaijua kama anavyojua bei ya unga.

Mwanzoni mwa Septemba 2023 zamu ilikuwa ya dada anayekaanga chapati barazani. Alitangaza ishirini na tatu na pointi nane. Kijana wa bodaboda aliyekuwa anaosha pikipiki akauliza, mbele ya watu wote, "Hizo nyingine zimekwenda wapi, dada?" Dada alikuwa amenunua kwa wakala, na mkononi alikuwa na kipande cha karatasi chenye tarakimu 20 za tokeni basi, hana risiti. Alijaribu kujieleza, maneno yakamshinda, akaingia ndani na kufunga mlango. Kwa mwezi mzima salamu yake ilikuwa ya kukata. Na mimi, lazima niseme, nilimdhania vilevile. Sikusema kitu, lakini kunyamaza kwangu pale uani alikusikia.

Oktoba ikaingia na zamu ikawa yangu. Nilinunua kwa simu, zikaja uniti ishirini na tatu na pointi nane. Nikakaa kitandani nikaisoma meseji yote mpaka mwisho, jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Siku zote nilikuwa nanakili namba tu. Kulikuwa na VAT asilimia 18, asilimia 1 ya EWURA, wadhibiti wa nishati na maji, na asilimia 3 ya REA, wakala wa nishati vijijini, hizo ziko kila mara. Lakini pia ilikatwa shilingi 1,500, kodi ya jengo.

Nilitoka na simu mkononi nikaenda moja kwa moja mlangoni kwa dada wa chapati. Kisha nikawaita wengine. Mwalimu wa chekechea wa chumba cha nyuma akasema kitu kilichoniuma zaidi: kwamba yeye zamu ikimwangukia mwanzo wa mwezi, uniti zikipungua, alikuwa anaongeza kutoka mfukoni kwake ili asisemwe. Miezi yote hiyo mtu analipa kodi ya nyumba ya mwenzake kwa kuogopa kuitwa mwizi.

Kwa asiyefahamu, mambo yako hivi. Zamani mwenye nyumba alikwenda kulipa mwenyewe, anapanga foleni, anapewa risiti yake. Bajeti ya 2021, aliyoisoma Mwigulu Nchemba, Waziri wa Fedha wa wakati ule, ikahamishia makusanyo kwenye luku, na kuanzia Agosti mwaka ule nyumba ya kawaida ikawa inakatwa 1,000 kwa mwezi, ya ghorofa 5,000 kwa kila sakafu. Julai 2023 ikapanda, 1,500 na 7,500. Inakatwa kwenye manunuzi ya kwanza ya mwezi. Mkipitisha mwezi bila kununua, mwezi unaofuata inakatwa ya miezi miwili. Anayedaiwa ni mwenye nyumba. Serikali ilisema tangu mwanzo kwamba mpangaji na mwenye nyumba wamalizane wenyewe.

Mimi sipingi kodi ya majengo, na wala sipingi kuikusanya kirahisi. Foleni zile za zamani hazikuwa na faida kwa yeyote. Ninachopinga ni kuitoa mkononi mwa anayedaiwa na kuitia mkononi mwa anayewasha taa, halafu kumwambia huyo wa pili akapatane na mtu anayeweza kumtoa chumbani. Mpangaji wa chumba kimoja anapatana vipi na mwenye nyumba? Ana nguvu gani? Na angalia mwaka ule ule wa 2021: tozo ya miamala ya simu ilianza katikati ya Julai, nchi nzima ikapiga kelele, na kufika Septemba ikapunguzwa kwa asilimia 30. Kila mtu aliiona ikikatwa kwenye hela yake mwenyewe. Kodi ya jengo ilituingia kwenye mita ya watu watano, na badala ya kupiga kelele kwa waliotunga sheria tukapigiana wenyewe uani. Kijiweni kwetu tunajua nani atagombea ubunge wapi, tunajadili vita vya nchi za mbali mpaka kahawa inapoa, na hakuna aliyekuwa anajua nini kinakatwa kwenye umeme anaolalia.

Basi tukakaa. Fundi cherehani, ambaye ndiye mkubwa wetu kwa umri na kwa miaka ya kukaa pale, hakutaka twende. "Mkimdai mia tano atawapandishia elfu tano," alisema. Hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Bodaboda alitaka tumpigie simu siku hiyo hiyo na kumwambia tunakata kwenye pango apende asipende. Mimi na mwalimu tukasema hapana, jambo la hela halipelekwi kwa mama mzima kwa simu. Tukaandaa hesabu kwanza. Watu wote watano tulikuwa tumeshahamia kufikia Machi 2022, tukaanzia hapo. Machi 2022 hadi Juni 2023 ni miezi 16 kwa elfu moja, yaani 16,000. Julai hadi Desemba 2023 miezi sita kwa 1,500, yaani 9,000. Jumla 25,000, kila chumba 5,000. Hatukuwa na meseji za miezi yote, lakini zilizopatikana kwenye simu zetu tulizinakili kwenye daftari na tarehe zake.

Jumapili moja ya Desemba tukaenda watatu Kibaha anakoishi: fundi, ambaye mwishowe alikubali kuwa msemaji, mwalimu na mimi. Tulibeba kilo mbili za sukari.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Kuna usalama huko?"

Fundi akaanza, "Mama, tumekuja kwa habari ya kodi." Uso ukambadilika. Akafikiri tumekuja kuomba atusogezee tarehe za pango, akasema hapohapo kwamba ana mjukuu anaingia kidato cha kwanza na hawezi kungoja. Lugha yetu inaita kodi yote mawili, anachopokea yeye na anachodaiwa yeye, na ilituchukua muda kuelewana ni ipi tunaizungumzia. Alipoelewa akashangaa kweli. "Kodi ya jengo si walifuta? Mbona siku hizi hakuna anayenidai?"

Hakuwa anatudanganya. Aliingia ndani akatoka na bahasha, ndani yake risiti za miaka ya nyuma, moja ya 10,000, zimekunjwa vizuri. Alikuwa mlipaji. Karatasi za madai zilipokoma, akamshukuru Mungu na kuendelea na maisha. Huku Mabibo sisi tunalipa bila kujua, na yeye Kibaha halipi bila kujua, na risiti yenyewe hana tena.

Mwalimu akamfungulia daftari, akamsomea mstari kwa mstari. Mama hakukataa. Alichouliza ni kama tungemdai pia miezi ya kabla ya Machi, tukamwambia hapana. Akasema kila mmoja akija kulipa pango la miezi sita apunguze elfu tano yake. Mimi pango langu lilikuwa 60,000 kwa mwezi, nikalipa 355,000 badala ya 360,000. Tukamwomba jambo moja zaidi, liandikwe kwenye mikataba mipya: kodi ya jengo ni ya mwenye nyumba, na kiasi kitakachokatwa kwenye luku kitapunguzwa kwenye pango. Akamwambia fundi aandike kwa mkono wake, naye akasaini chini.

Kwa mpangaji aliye kwenye hali kama yetu, nunua umeme wa mwanzo wa mwezi kwa simu, usinunue kwa wakala anayekuandikia karatasi, na meseji usifute. Nenda na wenzako. Anza na hesabu, sheria ije baadaye kama itahitajika, sisi haikuhitajika.

Katikati ya 2024 pango lilipanda mpaka 65,000. Fundi anaamini ni kwa sababu ya daftari letu. Mimi naona vyumba mtaa mzima vilipanda wakati ule, ila sina namna ya kumthibitishia, na yeye hana ya kunithibitishia.

Daftari lenyewe sasa linaning'inia kwenye msumari kando ya mita, na anayelitunza ni dada wa chapati. Hatukumchagua, alilichukua mwenyewe. Anaandika tarehe, jina la mwenye zamu, uniti zilizoingia na kilichokatwa, na anamtaka kila mtu amwonyeshe meseji kabla hajaandika. Bodaboda alikwenda kumwomba radhi siku ile ile ya Oktoba. Mimi nilichelewa mpaka tulipotoka Kibaha. Nilimkuta anasukuma chapati, nikamwambia, "Dada, na mimi nilikudhania vibaya." Akasema, "Nilijua," akanisogezea kigoda.