Majani yaliyofukiwa

Jumapili, usiku

Leo nimerudi tena Harris Park. Kutoka ninapokaa, huku magharibi mwa Sydney, ni vituo vichache tu vya treni, na kwa kawaida huwa naenda kununua viungo na unga wa dengu, maana mitaa ile imejaa maduka ya Wahindi. Lakini ukiyaacha maduka ukatembea kidogo unafika Ruse Street, na hapo kuna nyumba ya zamani yenye baraza pana. Ndipo lilipokuwa shamba la James Ruse, mfungwa aliyeletwa kutoka Uingereza akawa mkulima hapa. Nyumba si yake. Aliijenga John Harris, daktari wa jeshi, miaka mingi baada ya kulinunua shamba lile kwa pauni 40 mwaka 1793. Eneo zima likachukua jina la mnunuzi. Aliyelima kaachiwa barabara moja.

Nimekaa nje kwenye nyasi karibu saa nzima nikimfikiria.

Alikuwa kijana wa Cornwall, mtoto wa shamba. Mwaka 1782 mahakama ya Bodmin ilimtia hatiani kwa kuvunja nyumba na kuiba saa mbili za fedha. Akahukumiwa kunyongwa, kisha hukumu ikapunguzwa kuwa miaka 7 ya kupelekwa ng'ambo. Kwa saa mbili! Miaka ya mwanzo aliitumikia akiwa amefungiwa ndani ya meli kuukuu huko Plymouth, na Mei 1787 akasafirishwa kwa Scarborough, moja ya zile meli 11 za kwanza zilizoleta wafungwa wa Uingereza kuanzisha koloni hapa Australia. Walipotia nanga Sydney Januari 1788 alikuwa amebakiza mwaka mmoja na nusu hivi.

Koloni lile lilianza na njaa. Wafungwa wengi walitoka mijini, hawajui jembe. Plau hakuna. Miti ilikuwa migumu, inavunja mashoka. Ng'ombe wachache walioletwa walipotelea porini mwaka ule ule wa kwanza. Kwa hiyo Ruse alipokwenda kwa Gavana Phillip mwaka 1789 kusema kifungo chake kimekwisha na anataka ardhi, gavana aliona hapa pana jambo la kujaribu. Akamweka Rose Hill, ambayo leo ndiyo Parramatta, akampa kibanda, mbegu, zana, nguruwe na kuku kidogo, aone kama mtu mmoja anaweza kujilisha. Mwaka 1791 Ruse akasema chakula cha serikali hakihitaji tena, na shamba lile, ekari 30, likawa lake.

Kinachonirudisha pale ni namna alivyolima. Mwishoni mwa 1790 afisa mmoja, Watkin Tench, alimtembelea akaandika maelezo yake. Ruse alimweleza kwamba magogo aliyachoma, majivu akayachimbia ardhini, kisha akalima kwa jembe la mkono kipande kidogo tu kila siku ili alime kweli, si kukwaruza juu juu kama shamba la serikali. Magugu na nyasi aliyafukia. Na baada ya mavuno, mabua angeyazika kwenye mashimo pamoja na chochote cha kuoza. Udongo wake aliuita wa wastani, si mzuri si mbaya, na akasema bila ng'ombe utashindwa.

Mimi ni mtoto wa Mbinga, kusini mwa Tanzania. Kwetu Umatengoni tumekua na ngoro: baba anafyeka majani na kuyapanga kama miraba juu ya mteremko, mama anachimba udongo katikati na kuyafukia, na shamba linabaki na vishimo vinavyoshika maji ya mvua. Nilipokutana na habari ya Ruse na mabua yake mara ya kwanza nilinyanyuka kitini. Nilimwona kama mtu wa nyumbani. Kumbe naye alikuwa na mke, Elizabeth Perry, mfungwa mwenzake, na alimwambia yule afisa kwamba huyo ndiye msaidizi wake pekee, tena mchapakazi.

Baada ya kuuza shamba, Ruse akahamia mto Hawkesbury, mwaka 1794, kwenye udongo mweusi wa kingo. Huko moyo wangu unagawanyika. Watu wa Darug, wenyeji wa asili wa pale, waliuita mto ule Dyarubbin, na kingo zile zile ndizo walizokuwa wakichimba viazi vikuu vyao. Mahindi yakapandwa juu ya viazi. Wenyewe walipokuja kuvuna mahindi, wakapigwa risasi. Mwaka 1795 serikali ikatuma askari. Hata Parramatta ni jina lao. Siwezi kumsifu Ruse kwa jembe lake nikaliruka hilo.

Naye mto haukumtajirisha. Mafuriko na madeni vilimwandama, akawa anahama hama, na mwaka 1828 alikuwa msimamizi kwenye shamba la mtu mwingine. Alifariki 1837, akazikwa Campbelltown. Kwenye jiwe la kaburi lake, ambalo inasemekana alilichonga kwa mkono wake, maneno yameandikwa kwa tahajia ya mtu asiyesoma sana: mama yake alimlea kwa upole na kwa taabu nyingi, na alipofika kwenye koloni hili yeye ndiye aliyepanda nafaka ya kwanza. Serikali ilikuwa imepanda kabla yake, lakini hilo halinisumbui. Sehemu ya mama ndiyo imenishika koo. Miaka hamsini na mama bado yumo.

Jioni nikampigia simu mama. Nikamsimulia habari ya Mzungu aliyefukia majani, karibu kama ngoro. Akacheka sana.

"Na aliyekuwa akifukia ni nani, yeye au mkewe?"

"Wote wawili, Mama. Hawakuwa na mtu mwingine."

"Sawa. Na hilo shamba, mwanangu, wenyewe walikuwa wapi?"

"Walikuwepo, Mama. Na wapo mpaka leo."

Akanyamaza kidogo. Nikamweleza habari ya mto na viazi. Akataka kujua ni viazi gani, vya kutambaa au vya kupanda mtini. Tukaongea viazi mpaka salio likaisha.