Nyumba nyeupe ya paa bapa: cha kuchukua Villa Savoye na cha kurekebisha

Ukitaka nyumba ya kuta nyeupe, madirisha marefu ya mlalo na paa lisiloonekana, itazame Villa Savoye iliyoko Poissy, karibu na Paris. Msanifu majengo Le Corbusier na binamu yake Pierre Jeanneret waliisanifu mwaka 1928, ikakamilika 1931. Mzigo unabebwa na nguzo, kwa hiyo kuta za ndani hukaa popote panapofaa na dirisha linaweza kupita upande mzima wa nyumba. Hilo lichukue bila kusita.

Paa ni habari nyingine. Mwaka 1936 mwenye nyumba, Madame Savoye, alimwandikia Le Corbusier kulalamika kwamba maji yanaingia ukumbini, kwenye njia ya mteremko na bafuni. Nyumba nyingi za paa la kuficha zinazojengwa sasa zinavuja vilevile.

Kwanza, mteremko. Weka sentimita 2 kwa kila mita: paa la mita 6 linahitaji tofauti ya sentimita 12, nayo ionekane kwenye mchoro, isiachiwe fundi aibahatishe juu. Ukiweka nusu sentimita kwa mita, slabu (bamba la zege la paa) ikishapinda kidogo kwa uzito wake mteremko wote unapotea na dimbwi linabaki katikati.

Membreni ya lami (tabaka la kuzuia maji linalobandikwa juu ya slabu) ya milimita 4 ipishane angalau sentimita 10 kwenye maungio. Isiishie kwenye kona: ipande ukuta mfupi unaozunguka paa sentimita 15 juu ya uso wa paa uliokamilika. Kabla ya kuibandika, jaza kona kwa lipu iliyolala kwa nyuzi 45, kwa sababu membreni ikikunjwa kwenye kona kali huchanika. Sehemu ya juu ya ukuta huo ifunikwe kwa zege lenye mteremko wa kuelekea ndani, la sivyo mvua itachora michirizi myeusi kwenye rangi nyeupe. Mabomba ya kutolea maji yawe mawili au zaidi, ya milimita 100, na uongeze tundu la dharura ukutani, kwani majani huziba bomba moja haraka sana.

Kisha lipime paa: ziba mabomba, jaza maji sentimita 5, yaache saa 48. Unyevu ukionekana chini, anza kutafuta kwenye kona na shingo za mabomba.

Upande wa jua, kuiga Ufaransa hakufai. Dar es Salaam jua la saa sita mchana mwezi Juni liko kaskazini, karibu nyuzi 60 juu ya upeo wa macho. Dirisha la kaskazini lenye urefu wa mita 1.2 kwenda juu linahitaji slabu itokeze sentimita 70 hivi ili lipate kivuli kamili saa hiyo. La kusini, kwa jua la Desemba, linatosheka na 40. Mashariki na magharibi jua huingia likiwa chini, slabu haisaidii. Weka huko stoo, ngazi na vyoo.

Slabu inayotokeza hivyo nondo zake kuu hukaa juu, si chini, na zirudi ndani ya slabu mara moja na nusu ya urefu uliotokeza: kwa sentimita 70, angalau 105. Mafundi wakizikanyaga wakati wa kumwaga zege zikazama, ufa utatokea juu, pale slabu inapoungana na nyumba, na maji yatapitia hapo. Ziwekee vikalio imara, na siku ya kumwaga awepo mtu ambaye kazi yake ni kuziangalia hizo tu.