Mwiko Mkononi mwa Mwingine

Bwana asifiwe, wapendwa. Somo letu wiki hii ni Luka 10:1-9. Lisome kwanza kabla hujaendelea na haya yangu, na ukifika mstari wa nne usiukimbie.

Agosti iliyopita, shule zikiwa zimefungwa, tulipanga watu watano wa ushirika wetu hapa Nakuru twende Mlima Elgon tukatembee na kuomba. Mnaijua mipango ya watu watano. Mmoja akapata harusi, wa pili akapata mgonjwa, wa tatu akasikia kuna mvua, wa nne akaacha kushika simu. Nikabaki mimi na begi. Ruhusa ya kazini nilikuwa nimeshaomba na nauli nilikuwa nayo, basi nikaenda.

Niliondoka alfajiri: Eldoret, Webuye, Kimilili, mpaka Kapsokwony. Kuanzia Kimilili, kila aliyepanda matatu aliisalimia gari nzima, "Mulembe!", na gari nzima ikaitikia. Kwa Wabukusu na Waluhya wengine mulembe ni amani. Mtu anaingia na kuku kwapani, kabla hajatafuta pa kukaa ameshatutakia amani watu kumi na wanne. Shikeni neno hilo, tutalirudia.

Mlima wenyewe Wabukusu huuita Masaba. Ni volkano iliyozima zamani mno, na upana wake ni mkubwa kuliko urefu, kwa hiyo ukiwa Kapsokwony huoni kilele kama cha Mlima Kenya. Unaona tu nchi inapanda, inapanda, hadi inaingia mawinguni. Kilele kirefu kuliko vyote, Wagagai, mita 4,321, kiko Uganda. Upande wetu tuna Koitobos, mita 4,222. Niseme mapema kwamba sikufika hata kimoja. Nilikokwenda ni Chepkitale, nyanda za juu wanakoishi Waogiek wa Elgon, wafugaji na warina asali. Wamefukuzwa huko mara kadhaa, na kila mara wamerudi.

Begini nilikuwa na mikate miwili, njugu, biskuti, hema la kuazima, jiko dogo la gesi, dawa za tumbo, chaja na tochi mbili. Sikutaka kumsumbua mtu. Niliona hiyo ndiyo adabu ya mgeni: uje na vyako, ule vyako, uondoke.

Kijana wa boda alinipitisha Kaberwa akanifikisha mahali ambapo matope yalimshinda, akageuza. Nikaendelea kwa miguu kupitia msitu, kisha mianzi. Kwenye mianzi nikakutana na mvulana wa miaka kama kumi na miwili, amevaa gambuti, anachunga ng'ombe watano.

"Habari, mama. Unaenda wapi?"

"Juu," nikamjibu, nikapita.

Neno moja tu. Mawingu yalikuwa yameshaanza kukusanyika na nilikuwa na haraka. Ningeulizwa siku hiyo, ningejitetea kwa Maandiko, maana mstari wa nne unasema, "wala msimwamkie mtu njiani." Nilipokuwa kijana mstari huo ulinikera sana. Yesu gani huyo anayewakataza watu salamu? Baadaye nikaona nabii Elisha naye alimwambia mtumishi wake Gehazi vivyo hivyo alipomtuma kwa mtoto wa Mshunami, 2 Wafalme 4:29. Nikaridhika kwamba ni habari ya haraka tu: salamu za watu wale zilikuwa ndefu kama zetu, ukianza na mama mzazi utamaliza na mbuzi, na kazi inangoja. Maelezo hayo nimeyafundisha darasani mara nyingi. Ngojeni.

Juu ya mianzi msitu unaisha ghafla. Unatokea kwenye majani na vichaka, na baridi ni ya namna nyingine kabisa, inaingilia vidole. Ukungu ukashuka nikawa siioni hata njia niliyosimama juu yake. Ikaja mvua ya mawe. Nikatandaza hema, ardhi ikawa kinamasi. Nikajaribu kuwasha jiko, vidole vikakataa kazi. Nikakaa juu ya begi langu lililojaa vitu vyangu, nikalia. Nawaambia ukweli. Zaburi ya 121 naijua kwa moyo, lakini saa ile sikuikumbuka hata mstari.

Nilichosikia ni kengele za ng'ombe. Kisha sauti kutoka kwenye ukungu: "Mama, huku siyo juu. Huku ni mtoni."

Yule mvulana alinifuata. Alikuwa ameona ninakunja kona isiyo ya njia, akawarudisha ng'ombe akaja. Akachukua begi bila kuomba, akatangulia.

Nyumba ilikuwa ya mianzi na udongo, moto katikati. Nyanya yake hakuniuliza jina, wala dini, wala nimetumwa na nani, na huko watu wana sababu ya kuuliza. Alinivua viatu kwa mikono yake, akaviegemeza karibu na moto, akanipa maziwa lala ya kibuyuni yenye vichembe vyeusi vya mkaa. Ndipo akainjika ugali. Nikafungua begi haraka nikatoa mkate, nipate na mimi kuchangia. Akaupokea, akauweka juu ya dari, akaendelea kusonga. Nikatoa shilingi mia tano. Akaitazama, akanitazama mimi.

"Kwani nimekufungulia hoteli?"

Mvulana akacheka. Nikairudisha noti mfukoni na sikujua mikono yangu niiweke wapi. Akapakua, akanipa sahani, akakaa akinitazama nile. Nikala. Nilikuwa na njaa kuliko nilivyojua.

Hapo ndipo nikakumbuka Januari 2008. Wenzangu wa Nakuru mnakumbuka watu waliokimbia ghasia za baada ya uchaguzi walivyojaa uwanja wa maonyesho, na mahema, na foleni. Kanisa letu lilipeleka uji na githeri, na mimi nilikuwa mpakuaji. Wiki nyingi nilisimama pale na mwiko. Nilipakua kwa upendo, Mungu ni shahidi, na niliomba na watu. Lakini jioni nilirudi nyumbani nikala kwangu. Sikuwahi kuketi chini na mtu yeyote kwenye ile foleni tukala sahani moja. Sijui jina la hata mmoja wao. Miaka yote hiyo nimekuwa nikishuhudia kwamba niliwakaribisha wageni, nikitaja na Waebrania 13:2, na ni kweli niliwalisha. Ila mwiko haukutoka mkononi mwangu hata mara moja, na anayeshika mwiko ndiye anayejua chakula kimebaki kiasi gani. Yule wa sahani hajui. Anangoja tu.

Sasa rudini kwenye Luka 10. Bwana anawatuma watu sabini na anawapokonya kila kitu ambacho kingewafanya wasimhitaji mtu: mfuko, mkoba, viatu. Anawapeleka kwenye miji wasiyojulikana, na agizo lake la kwanza mlangoni ni waseme, "Amani iwemo nyumbani humu." Mulembe. Kisha waingie, wale wanachowekewa, walale hapo hapo wala wasihamehame. Kuponya wagonjwa kunakuja mstari wa tisa, baada ya chakula. Tumezoea kuwaona ni wamisionari waliojaa mikono. Mimi nawaona wanaume wazima wanaobisha hodi na tumbo tupu.

Na Bwana mwenyewe alitangulia. Pale kisimani Samaria neno lake la kwanza kwa yule mama ni ombi, "Nipe maji ninywe." Eliya alipelekwa Sarepta kwa mjane aliyebakiwa na konzi ya unga, si kwa tajiri, na akaambiwa huyo ndiye atakayemlisha. Nimelihubiri jambo hilo kwa upande wa mjane, kwamba alitoa na hakupungukiwa. Sijawahi kulihubiri kwa upande wa Eliya, nabii wa Mungu anayemwomba mama mwenye njaa amtengenezee mkate mdogo. Alijisikiaje akitafuna?

Mstari wa nne, basi. Nadhani sasa kwamba salamu ya njiani ndiyo inayoruhusu mtu aendelee na safari yake, kama lile "Juu" langu. Unasalimia, unapita, hudaiwi kitu. Amani anayoisema Bwana inasemwa mlangoni, mahali ambapo ukishaisema lazima ungoje uone kama utakaribishwa. Wenye elimu ya Biblia kuliko mimi mtanirekebisha. Maelezo ya haraka bado yana maana, siyatupi. Ila sitaki tena kujificha nyuma yake.

Usiku nyanya aliniuliza, "Nakuru mnafunga mlango saa ngapi?" Nikasema saa moja. Nyanya akaniambia kwamba kati ya 2006 na 2008, wakati wa vita vya ardhi mlimani, walifunga kabla jua halijazama, na hata ukiitwa kwa lugha ya mama yako hukufungua. Walikuja wenye bunduki wa msituni, halafu likaja jeshi, na mtu hakujua amwogope nani zaidi. Nyuma ya mlango wake kulikuwa na rungu tangu wakati huo. Nikalitafuta kwa macho. Lilikuwa dirishani, limeegemezwa kushikilia ubao usigongwe na upepo. Sikuuliza lilihamishwa lini, wala aliamuaje kumwingiza mtu aliyetoka kwenye ukungu, asiyejulikana, mwenye begi kubwa.

(Sisemi binti yako aende mlimani peke yake. Wale sabini walitumwa wawili wawili, na waliosahau hilo ni mimi na wenzangu wanne wenye harusi.)

Asubuhi mbingu ilikuwa safi. Mvulana akanipandisha juu zaidi kuona miti ya huko, na hapa nitakawia kidogo kwa sababu naipenda. Kuna lobelia, unasimama kama mshumaa kumshinda mtu kimo. Kuna na senesio, wenye shina nene na kichwa cha majani kama kabichi. Usiku huko kunaganda barafu na mchana jua linachoma, karibu kila siku ya mwaka. Senesio haiangushi majani yake yaliyokauka. Yanabaki yameshikamana na shina, safu juu ya safu, koti zito linalozuia maji ya ndani yasigande. Jua likizama inafunga na majani mabichi kuzunguka kichipukizi. Mvulana alishangaa kwamba nimesafiri kutoka Nakuru kuja kuangalia mti. Akaniuliza kama kwetu hakuna. Tulirudi tukamkuta nyanya amekata mkate wangu mmoja vipande, amewaita majirani watatu, tukaunywea chai. Kumbe alikuwa akiungojeshea watu.

Nilikaa kwao siku mbili. Hema sikulifungua tena, na jiko la gesi lilirudi Nakuru halijawahi kuwaka. Siku ya kuondoka alinijazia kibuyu kidogo maziwa nikainama kushukuru kwa zawadi. Akanishika mkono.

"Maziwa ni yako. Kibuyu utakirudisha."

Kiko jikoni kwangu ninapoandika haya, kinanukia moshi. Likizo ya Desemba iko karibu. Chombo cha watu hakirudi kitupu, na kila nikiwaza nitie nini, najikuta tena nahesabu vilivyomo kabatini mwangu.